Kamera ya giza kwa pesa za upatu

Picha iliyonifanya niichukie kamera yangu ya kwanza ni ya shangazi yangu mwenyewe. Ilikuwa usiku wa singo ya binti yake. Shangazi amesimama katikati ya ukumbi, kanga kiunoni, mikono juu, anacheka kwa kinywa chote, na nyuma yake akina mama wanapiga vigelegele. Nikabonyeza. Kamera ikajibu "klaa... tak", polepole kama mlango wa kabati la zamani, na palepale nikajua nimeharibu. Kwenye picha shangazi ana mikono minne na hana uso. Picha imecheza kuliko alivyocheza yeye.

Wiki iliyofuata aliishika simu mbali na macho, kama wanavyoshika watu wa umri wake, akaitazama kwa muda.

"Huyu ndiye mimi, au jini langu?"

Napiga picha za shughuli za wanawake: singo, kicheni pati, usiku wa hina. Kazi hii ilinijia kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mwanamke. Kwenye shughuli hizi baibui zinavuliwa, watu wanacheza wanavyotaka, na mwanamume mwenye kamera hafiki hata mlangoni. Kwa hiyo mwanamke yeyote mwenye kamera anaitwa, hata kama hajui kupiga. Mimi nilikuwa sijui.

Na kazi yote ni ya gizani. Watu wanaambiwa saa kumi na mbili jioni, wanaanza kuingia saa mbili usiku. Mpambaji ameshafunika dari kwa vitambaa, amewasha taa za zambarau, na ukimwomba awashe zile nyeupe za ukumbi anakutazama kana kwamba umetaka kumwagia maji mapambo yake. Flashi ninayo, naitumia kwenye picha za kundi na za keki. Lakini flashi ina tabia moja: ikiwaka mara mbili tu, akina mama wote wanajua mpiga picha yuko wapi, wanaacha kucheza na kuanza kupozi. Picha ninazozitaka ni zile za kabla hawajaniona.

Sasa nieleze kosa langu, maana wengi wanalirudia.

Kamera ile ya kwanza ilikuwa Nikon D3200, na lenzi yake ya kuanzia, ile 18-55 ambayo huja ndani ya boksi. Muuzaji alinisifia kitu kimoja tu: "Hii ina megapikseli 24, dada." Nikaona 24 ni nyingi kuliko 12 au 18 za zile zilizokaa pembeni yake, nikalipa. Baada ya aibu ya shangazi, mtu mmoja aliniambia nitafute lenzi ya 50mm f/1.8. Nikaipata ya bei poa sana, iliyotumika, safi. Nikaifunga, nikabonyeza, haikuvuta fokasi. Kimya. Nikazungusha kwa mkono usiku kucha, na robo tatu ya picha zilitoka zimefokasi masikio au ukuta. Nikahitimisha kwamba kamera ni mbovu, nikaiuza kwa bei ya hasara pamoja na lenzi zake zote mbili.

Kamera haikuwa mbovu. Nikon wana lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D, ambazo hazina mota ndani; zinategemea mota iliyo kwenye bodi ya kamera, na bodi ndogo za familia ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ningenunua ileile iliyoandikwa AF-S, yenye herufi G mwishoni, ingefanya kazi vizuri kabisa. Herufi mbili zimenigharimu kamera. Kwa Canon hakuna usumbufu huu, lenzi yoyote ya EF ina mota yake mwenyewe, na nakiri kwamba hii ni sababu mojawapo, ya hasira tu, iliyonipeleka Canon baadaye.

Kabla sijafika huko, tuzungumze kuhusu giza, maana giza si la aina moja. Ukipiga minara na mabaraza ya Mji Mkongwe usiku, unaweka kamera kwenye stendi, unaacha shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, wazi sekunde nane, na kamera yoyote iliyotengenezwa miaka 15 iliyopita itakupa picha safi. Jengo halipepesi macho. Ukipiga wachoma mishikaki wa Forodhani, mtu ametulia mbele ya taa yake, 1/60 ya sekunde inatosha. Giza la shughuli ndilo gumu: mwanga ni hafifu na watu hawatulii. Shangazi akicheza kwa staha nahitaji 1/125. Ngoma ikikolea, 1/250. Kuna lenzi zenye kitulizo cha mtikisiko, Nikon wanakiita VR na Canon wanakiita IS, na wauzaji wanakusifia kana kwamba ni dawa ya giza. Kitulizo kinatuliza mkono wako. Shangazi hakimhusu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Namba ya f inaeleza upana wa tundu la lenzi, na huenda kinyume: namba ikipungua, tundu linapanuka. Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inakuwa f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hiyo. Kwenye kumbi nyingi ninazofanyia kazi, vipimo vyangu vya sasa ni f/1.8, shata 1/125, na ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ulioingia, 3200. Rudisha lenzi ya f/5.6 hapo: ili mwanga uwe uleule, ama ushushe shata hadi 1/13, ama upandishe ISO hadi kama 31,000. D3200 hata ukiilazimisha inaishia 12,800. Kwa hiyo, ikiwa imejipangia yenyewe, iliamua kushusha shata. Ile "klaa... tak" ndiyo hiyo.

Na chenga, zile nukta zinazochafua picha ya gizani, zinatoka wapi? Fikiria uwanja wa udongo uliofagiwa asubuhi. Yakianguka manyunyu ya dakika moja, uwanja unakuwa na madoadoa, hapa pamelowa, pale pakavu, bila mpangilio. Ikinyesha mvua ya masika, uwanja mzima unalowa sawasawa na huoni tone moja moja. Mwanga nao unaanguka kwa matone. Gizani ni manyunyu, na yale madoadoa ndiyo chenga. Kupandisha ISO hakuongezi mvua hata tone. Ni kama kuongeza sauti ya redio inayoshika kwa mbali, unamsikia mtangazaji na unasikia mkwaruzo pia. Ukitaka chenga zipungue, kinga mvua nyingi zaidi: fungua lenzi, au acha shata wazi muda mrefu, au tumia sensa kubwa zaidi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. (Sensa ya kamera, si ile ya watu na makazi.)

Hapo kwenye sensa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kamera ndogo kama D3200 au Canon 700D zina sensa ndogo, ile wanayoiita kropu. Fulufremu ni milimita 36 kwa 24, eneo ambalo ni kubwa kama mara mbili na nusu hivi kuliko la kropu. Faida ni ya kweli, macho yanaiona. Lakini linganisha: kubadilisha sensa kunakupa mwanga mara mbili na nusu, kubadilisha lenzi kunakupa mara kumi, na lenzi ya 50mm f/1.8 ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa kwenye kabati la muuzaji. Nimewaona vijana wamejikamua wakanunua bodi ya fulufremu, pesa zikaisha, wakaifunga lenzi ya kuvuta ya f/4 au giza zaidi ya hapo. Kazini mimi na D3200 yangu tungewapita, kama ningejua nilichokuwa nacho.

Megapikseli nilishazisamehe, ila niseme neno moja. Nikon D700 ya mwaka 2008 ina megapikseli 12 tu. Picha yake ukiichapa kwa ubora wa studio inafika kama sentimita 36 kwa 24, ambayo ni kubwa kuliko picha nyingi zilizotundikwa sebuleni kwetu. Na ni kamera iliyopendwa na watu wa usiku kwa miaka mingi.

Upatu wetu una wanawake kumi na wawili, na zamu yangu ilifika mwezi wa tano. Kwa hiyo nilikuwa na pesa taslimu, nyingi kwa mkupuo kuliko nilivyozoea, na dhamira ya kutofanya ujinga mara ya pili. Nilijipangia kwamba theluthi ya pesa haitaguswa na bodi. Orodha ikabaki na nne: Canon 5D Mark II, ile D700, Canon 6D na Nikon D750.

D750 ya mwaka 2014 ndiyo iliyokuwa bora, sibishani. Fokasi yake inaona gizani, ina kioo cha nyuma kinachoinuka, ina nafasi za memori kadi mbili ili moja ikifa nyingine inabaki na harusi ya watu. Ukivuta vivuli kwenye programu ya kuhariri, vinafunguka bila kulalamika. Bei yake, hata iliyotumika, ingekula pesa ya lenzi. Niliishika dukani, nikairudisha kwa adabu.

D700 ina uzito wa karibu kilo nzima kabla hujatia betri wala lenzi. Mimi nasimama saa tano, nina mkufu wa kamera shingoni na viatu vya shughuli miguuni. Hapana. 5D Mark II, nayo ya 2008, ilikuwa ya bei nzuri na inatoa rangi za ngozi ninazozipenda, lakini fokasi yake gizani inababaika, na ukiinua vivuli vyake michirizi inajitokeza kama doti ya mkeka.

Nikabaki na 6D. Ilitoka 2012, megapikseli 20, gramu 680 bila betri. Ina pointi 11 za fokasi, na kumi kati yake usiku ni mapambo. Lakini ile ya katikati Canon waliipima hadi -3 EV, kiwango cha mwanga wa mbalamwezi, na nimeihakikisha mwenyewe kwenye kumbi ambazo mimi kwa macho yangu nilikuwa sioni vizuri. Fokasi ndilo jambo ambalo watu hawaliulizi wakinunua kamera ya giza. Wanauliza ISO inafika ngapi. ISO 25,600 itakusaidia nini kama kamera inahangaika mbele na nyuma kutafuta jicho la bi harusi, na yeye ameshageuka?

Kwa kuwa pointi inayofanya kazi ni moja, imenibidi nibadilishe upigaji. Wanafundisha uweke jicho katikati, ufungie fokasi, kisha usogeze kamera upange picha. Mchana sawa. Kwa f/1.8, mtu akiwa mita mbili kutoka kwako, eneo lililo wazi na kali ni kama sentimita 17 tu, mbele na nyuma zikijumlishwa. Ukisogeza kamera kidogo, na yeye akiyumba kidogo, fokasi imehamia kwenye hereni. Kwa hiyo mimi naacha uso katikati, napiga kwa upana zaidi ya ninavyohitaji, na nyumbani nakata. Megapikseli 20 zinaruhusu. Hapo ndipo pekee zinaponisaidia.

Lenzi nikachukua Canon 50mm f/1.8 STM, ile iliyotoka 2015. Kuna ya kabla yake, iliyoandikwa II, ya plastiki hadi kwenye shingo, inayolia kama nyuki kwenye kopo inapotafuta fokasi. Inafanya kazi, ila kwenye dua utaona haya.

Rangi nazo zina giza lake. Taa za zambarau na bluu za siku hizi zinajaza rangi moja ya sensa hadi pomoni huku nyingine zikibaki tupu, na uso wa mtu unageuka kipande cha karatasi ya bluu kisicho na pua. Kipimo cha kamera hakiligundui hilo mapema. Napiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri, nashusha mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, na mara nyingine picha naigeuza nyeusi na nyeupe, wateja wanadhani ni usanii. Pia kuna taa za bei rahisi zinazopepesa. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, taa hizo zinapepesa mara 100, na ukipiga 1/250 unapata picha moja angavu na inayofuata ina mkanda mweusi katikati. Nikiona mikanda nashuka 1/100 na kumwomba Mungu shangazi asiruke.

Kwa nini kamera hizi zimekuwa rahisi? Kwa sababu kampuni zenyewe zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Canon na Nikon wote waliingia huko kwa fulufremu mwaka 2018, na wapiga picha wa nchi zenye pesa wakaanza kumwaga DSLR zao, zile zenye kioo hicho, sokoni. Kwao ni mitumba. Kwangu ni kamera iliyopiga harusi za watu huko na inaweza kupiga harusi mia nyingine hapa. Simu nazo zina hali ya usiku, nzuri kwa nyumba na miti, kwa sababu simu inapiga picha kadhaa na kuzipanga pamoja. Mtu akicheza katikati ya hizo kadhaa, tumerudi kwenye mikono minne.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda mchana, na usione haya kuchukua muda. Mimi hupiga picha moja ya anga kwa f/16 ili uchafu wa sensa ujitokeze kama vidoa. Kisha navisha kamera kifuniko, napandisha ISO, napiga gizani kabisa, natazama kama kuna nukta nyekundu au nyeupe zinazong'ang'ania mahali palepale kila picha. Lenzi naimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Sisi wa pwani tuna adui anayeitwa ukungu wa lenzi: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zinazomea ndani ya vioo kwa sababu ya unyevunyevu. Ukiziona, iache, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Yangu naihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ambavyo watu wanavitupa wakinunua viatu.

Idadi ya picha zilizopigwa ni muhimu, ila isikutie wazimu. Shata ya 6D imekadiriwa kwa mibonyezo 100,000, ya D750 kwa 150,000. Kwa Nikon, idadi inaandikwa ndani ya faili la picha, unaisoma kwa programu za bure. Canon wa rika la 6D hawaiandiki humo, kwa hiyo muuzaji akikwambia "imepiga elfu tano tu", mtazame usoni, halafu tazama mpira wa kushikia ulivyolika. Na ukikuta kamera imeandikwa Kiss X7i usidhani ni feki. Ni 700D ya soko la Japani, yenye jina la nyumbani.

Mwezi uliopita binti wa yule shangazi, yuleyule wa singo, ambaye sasa ana watoto wawili, alinitumia ujumbe. Anataka kuanza kupiga picha za shughuli huko Tanga na ana laki saba. Nilimwandikia kwa kirefu. Nikamwambia asahau fulufremu kwa sasa. Atafute bodi ndogo ya Nikon iliyotumika, hata D3200, moyo wangu ukiuma kidogo nilipoandika hivyo, na aifunge lenzi ya AF-S 35mm f/1.8G, ile ya DX, yaani ya kropu, kwa sababu 50mm kwenye kropu inabana: kwenye sebule ya Ngamiani utajikuta umeegemea friji na bado umekata vichwa vya watu. Nikamsisitizia herufi: AF-S, isiwe AF peke yake. Nikamtumia na picha ya zile herufi zilivyoandikwa kwenye lenzi, nikazizungushia duara jekundu.

Akasoma. Zikatokea zile nukta tatu za kuandika, zikapotea, zikatokea tena.

"Ahsante sana dada. Yenye rangi nyeupe hakuna?"

Ipo. Canon waliwahi kuitoa 100D nyeupe. Nimekaa na jibu hilo siku tatu sijamtumia.